Kilo 350 na Mtaa Mzima

Wajapani waliounda Suzuki Carry walisema isibebe zaidi ya kilo 350. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye duka la vifaa vya ujenzi unapata mifuko 7 ya saruji. Wa 8 ni ukaidi. Ukiileta Tabata, ninakoishi, unachekwa. Huku kilo 350 ni mzigo wa kupashia injini moto. Nimeiona kirikuu ikirudi na mchanga uliopita kimo cha mbavu zake, magurudumu ya mbele yakigusa lami kwa heshima tu, na dereva ana nafasi ya kuongea na simu. Waliokuwa kituoni hawakugeuza hata shingo. Niliyegeuza ni mimi, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimenunua ya kwangu.

Ukomo huo si uchoyo wa kiwanda. Japani ina daraja la magari madogo yanayotozwa kodi nafuu, na gari halikubaliwi humo likizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48, au injini ya sentimita za ujazo 660. Carry imo katika ukoo huo tangu mwaka 1961. Ikishachoka kubeba kabichi za Wajapani hupandishwa meli, na ikifika kwetu mtaa unaiita kirikuu, kwa jina la yule mtoto mdogo mwenye mbio wa filamu ya katuni ya Michel Ocelot ya mwaka 1998. Yangu ilikuja na maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo sijayafuta. Jirani aliyewahi kufanya kazi melini anasema ni jina la shamba la vitunguu. Kijana wa duka la dawa anasema ni onyo.

Mimi ni seremala wa makabati ya jikoni. Siku zisizo za kazi nafuga nyuki Mkuranga, chini ya mikorosho aliyoiacha marehemu baba. Kirikuu niliinunua kwa mambo hayo mawili, makabati na mizinga, na nilikuwa na mpango wa kuifunga vifaa vya mambo hayo mawili tu. Mpango niliuandika kwenye daftari, kwa wino. Leo nikiufungua naona kwamba kila kifaa kilichomo kilipata kazi nyingine kabla hakijafanya ile niliyokinunulia. Ukifunga ndoano, anatokea mtu mwenye kamba. Ukifunga taa, anatokea mtu mwenye giza.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kweli kabisa. Bodi ya kirikuu ina urefu usiofika mita 2 na upana wa mita 1.4 hivi. Plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Kwa upana inaingia na kubakisha nafasi ya mkono. Kwa urefu inatoka nje karibu nusu mita. Kwa hiyo unashusha mlango wa nyuma, unaifunga kamba, na unaning'iniza kitambaa chekundu ili anayekufuata asiingie nayo kifuani. Kitambaa chekundu kilichokuwa karibu siku ya kwanza kilikuwa jezi kuukuu ya Simba, ya shemeji yangu. Kutoka Buguruni hadi nyumbani nilipigiwa honi za pongezi, wanafunzi wakanipungia, muuza maji akanitupia chupa ya bure dirishani. Mimi ni Yanga. Maji nilikunywa.

Kabati zima lililokwisha kuundwa ni habari nyingine. Haliwezi kulazwa bila kuharibiwa na haliwezi kusimamishwa bila kamba kushikilia mahali fulani juu. Mbao za futi 12 ndizo mbaya zaidi, maana zinazidi hata gari lenyewe. Nilihitaji keria: nguzo imara nyuma ya kichwa cha gari, nyingine mwisho wa bodi, na juu yake sehemu ya kulazia mbao kwa kimo cha paa. Nilichora. Nikaandika na vipimo.

Fundi wa kuchomelea niliyeelekezwa yuko Buguruni. Chuma kiko Gerezani. Chuma cha mraba kinauzwa kwa vipande vya mita 6, na kirikuu yangu ina mita 3.4, na kitu pekee ambacho kingeiwezesha kubeba chuma cha mita 6 ni keria, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunaiendea. Muuzaji alishauri tukate katikati. Fundi, kwa simu, alisema chuma kikikatwa na mtu mwingine yeye hakigusi. Nikakodi guta. Mwenye guta akafunga vyuma vyangu, akakanyaga pedeli akaingia Barabara ya Uhuru, na mimi nikamfuata nyuma na kirikuu tupu, taa za tahadhari zikiwaka ili asigongwe.

Maeneo ya Ilala askari wa barabarani alinisimamisha.

"Umebeba nini, mzee?"

"Sijabeba kitu, afande. Namsindikiza yule."

Akalitazama guta, akatazama bodi yangu tupu, akarudi kulitazama guta.

"Gari zima linasindikiza baiskeli yenye mzigo?"

"Ndiyo, afande. Huo mzigo ni wa gari."

Alinirudishia leseni taratibu, kwa uso wa mtu anayetaka hadithi iishe bila kumhusisha. Mwenye guta alikuwa amekwisha kuzipita taa za mbele.

Sasa, kwa faida ya anayepanga kuchomelea chuma kwenye gari la miaka ya karibuni: injini ya gari hilo inaongozwa na kompyuta ndogo, ile mafundi wetu wanayoiita kontroli boksi, na kabla ya kuchomelea ni lazima kuchomoa waya hasi wa betri. Umeme wa mashine ya kuchomelea una nguvu na hauna adabu. Ukipata njia ya kupitia kwenye kompyuta unapita, na ukishapita kompyuta imekwisha. Haya yote nilimweleza fundi. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimechomelea magari wewe hujaota ndevu. Nimeshachomoa." Nikakaa kwenye kopo la rangi nikawa na amani.

Alikuwa amechomoa redio.

Jioni gari halikuwaka. Fundi wa umeme alikuja na kijitaa chake, akafungua, akanusa, akatikisa kichwa. Kontroli boksi imekufa. Nyingine ilipatikana kwenye spea za Ilala kwa bei ambayo sitaiandika, kwa kuwa mama watoto husoma haya ninayoandika. Fundi wa kuchomelea alisimama pembeni muda wote akiwa amejawa na majonzi ya dhati. Mwisho akawasha redio, ikaimba. "Unaona?" akasema. "Hii tungeiacha, nayo ingeenda."

Keria yenyewe, nisimnyime haki yake, ni nzuri. Haitikisiki. Lakini kulibaki vipande vya chuma, na fundi huyu hawezi kuona chuma kimebaki. Bila kuniuliza aliongeza mhimili wa duara uliozunguka bodi yote kwenye kimo cha kiuno cha mtu aliyesimama. Kwa mbao hauna faida yoyote; kwa makabati ni kero, unalinyanyua kabati juu yake kabla ya kulishusha ndani. Nilipomuuliza ni wa nini, alisema gari lilikuwa limekaa uchi.

Sikujua kuwa jiji hili lina watu wanaotafuta mhimili wa kimo kile usiku na mchana.

Walikuja wiki hiyo hiyo. Kiongozi wao alipanda nyuma bila kuvua kofia, akaushika mhimili kwa mikono miwili, akautikisa, akarudi nyuma akaegemea, akapuliza tarumbeta lisilokuwepo, akawaambia wenzake, "Unafaa." Walikuwa bendi ya matarumbeta. Anayeijua Dar es Salaam anajua kwamba harusi isiyo na matarumbeta juu ya gari la wazi ni kikao tu cha ndugu. Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa anaozesha, na kamati ya harusi ilikuwa imenipangia upande wa usafiri katika mkutano ambao sikualikwa. Aliyeniletea habari alikuja na kadi ya mchango vilevile. Nilitoa gari na nikatoa hela.

Bendi ilikuwa na watu, na watu wana uzito. Mpiga ngoma kubwa peke yake alikuwa mifuko 2 ya saruji bila ngoma. Nilipowajumlisha wote na vyombo vyao nilipata mifuko 13. Nikamwonyesha mwenyekiti wa kamati kibandiko cha kilo 350 kilichoko kwenye gari. Akasema kibandiko kimeandikwa Kijapani na harusi ni ya Kitanzania.

Asubuhi ya harusi nilikuwa na safari ya Mkuranga kutundika mzinga wa mtego. Mzinga wa mtego ni mzinga mtupu unaoupaka nta na mchaichai ndani ili kundi la nyuki linalohama livutiwe na harufu na kuhamia. Huu ulikuwa mpya, kazi ya mikono yangu, mbao za paini, nimeufunga juu ya keria juu kabisa ya kichwa cha gari. Mwenyekiti wa kamati alisema hakuna muda wa Mkuranga, bendi inapakiwa sasa hivi. Nikasema basi nishushe mzinga. Shangazi wa bwana harusi akasema uachwe, uko mahali pazuri, na kabla sijapata pumzi alikuwa ameufunga utepe wa rangi ya pichi. Tukaondoka hivyo. Njia nzima watu walidhani ni zawadi.

Kanisani nilipata kivuli cha mwembe nikaegesha. Bendi ikashuka kutafuta soda. Ibada ilikuwa ndefu, wahubiri wakiwa wawili na wote wanamfahamu bwana harusi tangu utotoni. Nilikuwa nimekaa kwenye mzizi wa mwembe nilipoona nyuki watatu wanne wakiingia na kutoka kwenye tundu la mzinga, kwa haraka, kwa utaratibu. Mfugaji anawafahamu hao. Kundi likitaka kuhama hutanguliza wapelelezi wa kukagua nyumba. Nilifurahi kimya kimya. Mizinga yangu miwili ya Mkuranga ilikuwa imekaa mitupu tangu masika, na sasa kuna nyuki wa jiji wanapima vyumba juu ya kirikuu.

Wakati wa kuvishana pete, kundi lenyewe lilifika. Walishuka juu ya mwembe, wakavuma juu ya uwanja wa kanisa, wakajikusanya kwenye mzinga wangu, na kwa robo saa hivi walikuwa wanaingia kwa maelfu kupitia chini ya utepe wa pichi. Niliwafuata bendi kwenye soda, nikawaeleza. Nikasema kundi linalohama halina watoto wa kulinda wala asali ya kulinda, kwa hiyo huwa pole. Tukiondoka taratibu hawatatugusa. Hilo ni kweli na bado nasimama nalo. Kuhusu matarumbeta sikusema kitu, kwa sababu vitabu vya ufugaji nyuki nilivyosoma havina sura ya matarumbeta.

"Hao wakisikia muziki wataondoka wenyewe," kiongozi wa bendi akasema, na mlango wa kanisa ukafunguka.

Kwa nusu ya wimbo wa kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Maharusi wakatoka, vigelegele vikapigwa, mpiga video akapiga goti. Kisha mpiga tromboni, aliyekuwa amesimama mbele kabisa chini ya keria, alifika kwenye ile sehemu ambayo bomba hufyatuka mbele kwa urefu wake wote na juu kidogo, kwa madaha. Likaingia tunduni kwa nyuki.

Mifuko 13 ya saruji ilishuka kwenye gari langu kwa pamoja, pande zote tatu. Springi zilipanda juu zikabaki zinanesanesa. Mhimili wa duara, ambao hadi leo sijaupatia kazi ya useremala, ulirukwa na kila mtu kwa mtindo wake. Sitamzungumzia mpiga tromboni isipokuwa kusema kwamba aliumwa kidogo kuliko alivyostahili, na kwamba anakimbia vizuri. Katika video ya harusi, ambayo mtaa mzima umeiona, kamera inawafuata maharusi bila kuyumba, na kwa nyuma wanaume wenye makoti mekundu wanapita kwa kasi kutoka kulia kwenda kushoto, na baadaye kidogo kutoka kushoto kwenda kulia.

Aliyebaki ni mpiga ngoma kubwa. Hakuweza kuruka na ngoma na hakutaka kuiacha. Alijifunika turubai langu na humo ndani, kwa kiapo cha kazi, akaendelea kupiga. Mpiga tarumbeta mmoja akajipenyeza kwenye kiti cha abiria pembeni yangu, akapandisha kioo, akasema, "Twende, kaka, msafara usilale." Injini ya kirikuu iko chini ya viti. Vioo vikiwa vimefungwa, hali ya humo ndani ni ya tanuri la mkate. Hivyo ndivyo tulivyozunguka mji: nyuma turubai linalopiga ngoma, juu nyuki wanaopanga fanicha, na mimi ninaendesha nikiwa nimelowa jasho huku mtu ananipulizia tarumbeta sikioni kwa umbali wa kiwiko. Wale wa kwenye magari ya nyuma wanasema muziki haukusikika vizuri.

Usiku nilipeleka mzinga Mkuranga, maana nyuki huhamishwa usiku wakiwa wametulia. Ndio mzinga wangu unaozaa kuliko yote. Kiongozi wa bendi anadai fungu lake la asali kila msimu. Hoja yake ni kwamba nyuki waliitwa na muziki. Utepe bado upo.

Baada ya harusi kirikuu iliinama nyuma. Nikaongeza jani moja la springi kila upande, na fundi wa springi akanipa pongezi kwamba sasa nimepata gari la maana. Hakusema kuwa gari la maana likiwa tupu linaruka. Tairi za kirikuu ni za rimu ya inchi 12. Kila shimo la barabara linaingia na kusalimia. Ukipeleka mizinga yenye nyuki juu ya springi zile wanafika wamekwisha kuchagua wa kumchoma. Mama mkwe nilimpokea stendi akitoka Tanga, akakaa pale mbele kimya hadi nyumbani, akashuka, akamwambia binti yake kwamba Mungu ni mwema. Dawa niliyopewa ni kuweka mifuko 2 ya mchanga nyuma, kudumu. Kwa hiyo nimeongeza springi ili nibebe zaidi, na sasa nabeba mchanga ili springi zitulie.

Turubai lenyewe lisinichukulie muda. Nililinunua kwa ajili ya vuli, plaiwudi isilowe. Lilikwenda kwenye msiba wa mtaa wa pili, likakaa hadi arobaini, likarudi na mwiko na viti viwili vya plastiki ambavyo hakuna anayevidai.

Inveta ndiyo iliyonipa jina. Nia ilikuwa kazi: wateja wengi wa makabati wana nyumba ambazo hazijaingizwa umeme, na drili na jigisoo zinataka volti 230. Nilifunga inveta ya wati 1,000 ndani ya sanduku la zana nyuma ya kichwa cha gari, na soketi mbili ubavuni chini ya maandishi ya Kijapani. Hesabu yake inafaa kujulikana. Wati 1,000 kutoka kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 83, na betri ya kirikuu ni ndogo, ya saa za ampea 28 hivi. Ndiyo kusema jigisoo unaitumia kwa vipindi vifupi, injini ikiwaka, na unaisikiliza injini ikilalamika. Kwa waya mwembamba hutapata kitu ila moshi. Waya wa betri kwenda kwenye inveta uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu na betri.

Soketi zile zilionwa na mtoto mmoja akaenda kusema. Kesho yake niliamka nikakuta simu zimechomekwa kwa ekstensheni, zimepangwa juu ya bodi, na kijana amekaa pembeni anaandika majina. Alikuwa anawatoza. Alinieleza kwa upole kwamba mimi mwenyewe nitakuwa nachaji bure.

Halafu umeme ulikatika mtaani siku ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga. Dakika kumi kabla ya mpira kuanza nilisikia hatua nyingi uani. TV ya inchi 32 ya mwenye duka ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye bodi, king'amuzi juu yake, dishi limefungwa kwenye keria, na mbavu za bodi zimeshushwa ziwe mabenchi ya wazee. Sikatai, ule mpangilio ulikuwa mzuri kuliko matumizi yote niliyowahi kuuwazia. Nikapiga hesabu: TV na king'amuzi hazifiki wati 80, betri itahimili mpira mzima hata injini ikizimwa. Na injini ilibidi izimwe, kwa kuwa wazee walisema inamfunika mtangazaji. Kisha mwenye sabufa akaja na sabufa. Kisha mtu akaleta feni, kwa ajili ya mzee mmoja mwenye presha. Kijana wa simu akachomeka zake kumi, kwa bei ya siku ya mechi.

Dakika ya 84 mwamuzi alielekeza kidole kwenye penalti. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma hatua, akavuta pumzi, na inveta ikalia mlio mwembamba ikazima kila kitu.

Nusu ya uwanja wangu walishangilia bao na nusu walishangilia kipa, gizani, kwa sauti ile ile. Watu wa Simba na watu wa Yanga walishika kirikuu bega kwa bega wakaisukuma hadi kwenye duka la dawa, gia ikashika, ikawaka, wakairudisha mbio, TV ikawaka, na king'amuzi kikaanza kutafuta mawimbi. Kilitafuta kwa utulivu. Kilipoyapata, wachezaji walikuwa wanabadilishana jezi. Tangu hapo watu wa mtaa huu hawaniiti Baba Kirikuu kama zamani. Wananiita Dakika ya 84.

Kama kuna kitu ningemshauri mwenye kuanza, kitakuwa kidogo. Zile ndoano ndogo za kamba ambazo Wajapani wameziweka chini ya mbavu tangu kiwandani ni bora kuliko vyote nilivyoongeza, na hakuna jirani aliyewahi kuziona. Mpira mzito wa kutandika sakafuni unazuia kabati kuteleza, nao hauombwi na mtu. Sanduku la zana liwe la kufuli na liwe baya. Likipendeza litakuwa meza ya keki. Zaidi ya hapo, kila unachofunga kifunge usiku.

Juzi nilimrudia fundi wa Buguruni kwa jambo moja tu: aukate ule mhimili. Bendi imeanza kunipangia ratiba ya Desemba bila kunipigia. Akasikiliza, akakubali, hakuonyesha hata kuumia.

"Kukata ni dakika, mdogo wangu. Ila mashine iko Chanika, kwenye geti la mteja. Tuifuate, nimalizie kona moja, tukirudi nakata."

Tulikwenda Chanika. Kona moja ilikuwa geti zima, ambalo lilibidi lirudi nasi Buguruni kupakwa rangi, na fundi akagundua kwamba ule mhimili una kimo kile kile anachopenda kupakia rangi. Akaliegemeza geti hapo, akalipaka, akaniambia siwezi kuondoka nalo likiwa bichi. Nikarudi nyumbani kwa bajaji nikaacha kirikuu yangu imevaa geti la mtu.

Asubuhi nilimkuta anaosha uso. Geti limeondoka. Mhimili upo, umepata madoa meusi. Na chini ya mlango wa nyuma kulikuwa na ndoano mpya nene ya kukokotea, imechomelewa kwenye chesisi kwa ustadi mkubwa.

"Hii ya nini, fundi?"

"Nimekufidia mafuta ya Chanika. Kuna mtu mtaani kwenu ana trela halina gari. Amekuwa akiniuliza."

Nilitazama ndoano, nikatazama kichwa cha gari, nikamuuliza kama kabla ya kuchomelea alikumbuka kuchomoa.

"Wewe nawe," akasema, akijifuta uso kwa kanga. "Mtu hufundishwa mara moja. Redio yako iko mezani pale."